Kidoli Kilichoitwa Mathenge

Gatitu, Nyeri
12 Januari 2025

Kwako wifi yangu Wakiuru,

Pokea salamu zangu na za wasichana wangu. Sisi hapa tunaendelea, ni baridi tu imetushika koo. Wamucii ameingia gredi ya tatu na tayari amepoteza sweta mpya. Kaari ameota meno ya mbele na anamwonyesha kila mtu, hata pasta akiwa katikati ya maombi. Kahawa tulimaliza kuchuma, ila mwaka huu mikono ilikuwa michache kwa sababu Mzee hawezi tena kuinama. Mguu unamsumbua na macho yanazidi kupungua, lakini kichwa ni kizima na mdomo pia. Nilimwambia ninakuandikia. Aliendelea kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Wewe ni bintiye, unamjua kuliko mimi.

Utashangaa kuona barua dunia hii ya simu. Simu yangu ina wenyewe. Wamucii anasoma kila ujumbe unaoingia, tena kwa sauti, na asiposoma yeye, babake atasoma. Na wewe nikikupigia unakata ukisikia Mzee akikohoa nyuma yangu. Kwa hivyo nimeandika, na nitaipeleka mwenyewe kwa ofisi ya vifurushi pale mjini.

Sasa nisikuzungushe. Unakumbuka kaka yako Waweru aliwanunulia wasichana mashine ya gemu kwa mtumba Karatina? Ile inayounganishwa na televisheni. Inakuja na sahani inayowaka taa, na vidoli vya plastiki. Ukiweka kidoli juu ya sahani, kinaingia ndani ya televisheni kikiwa hai, kinaruka, kinapigana, kinaokota dhahabu. Ukikitoa, kinatoka. Mimi mara ya kwanza niliomba ndani ya moyo wangu. Sasa nimezoea.

Wasichana walikuwa na vidoli vitatu. Krismasi Waweru akaleta cha nne, mnyama mwekundu mwenye mabawa. Akasema amekiokota kwenye rundo lilelile Karatina. Sawa. Wamucii akakiweka kwenye sahani, na juu ya kichwa cha yule mnyama jina likatokea, limeandikwa kabisa: MATHENGE. Tena kilikuwa kimefika hatua ya juu kuliko vya wasichana vyote.

Nikamwuliza Wamucii ni nini hiki. Akanieleza kama mwalimu. Ati chini ya kidoli kuna kitu kinachokumbuka. Mtoto anakipa kidoli chake jina, na kila anachoshinda kinakaa humo ndani. Ukikibeba ukaenda kucheza kwa jirani, kinaenda na jina lake na nguvu zake.

Wifi, mimi si mjinga. Mathenge ni jina la babako. Nilipoolewa hapa nilifundishwa kabla hata sijafungua sanduku: kijana wa kwanza atakuwa Mathenge. Nimezaa wasichana wawili, na tangu Kaari sijapata mwingine. Shangazi zenu wananiuliza kanisani kama ninakula vizuri. Na Mzee mwenyewe, siku akikasirika, anasema ataenda na jina lake kaburini. Sasa nataka kujua ni mtoto gani anaitwa Mathenge na kidoli chake kiko kwenye mfuko wa mume wangu.

Nilimwuliza Waweru. Alicheka, akala sahani mbili, akaenda kulala. Mtu asiye na neno haongezi ugali kwa swali kama hilo.

Wewe ni dadake na hamfichani. Niambie kama kuna nyumba nyingine. Nikijua, nitajua pa kuwapeleka wasichana wangu.

Ni mimi,
Gladwell


Kangari
9 Februari 2025

Mama Wamucii,

Salamu nyingi. Barua yako ilifika siku nyingi, nisamehe. Hapa kituo cha kununulia majani hatupumziki, ingawa majani yenyewe ni haba. Jua la mchana na baridi ya asubuhi vimechoma chai mpaka wakulima wanakuja na vikapu nusu, kisha wanatulaumu sisi wa mizani. Mimi ni mzima. Mpe Kaari pole kwa meno, mwambie yatamtosha siku moja. Wengine wa nyumba hiyo wasalimie kama wanataka kusalimiwa.

Kuhusu jambo lako. Simama sokoni Nyeri uite Mathenge, uone wangapi watageuka. Hilo jina si letu peke yetu. Wauzaji wa Karatina hawapati vitu kutoka ng'ambo tu, hata majirani huwauzia vya watoto wao wakikosa karo. Mtoto fulani alicheza akachoka, mama yake akauza. Ndiyo hivyo tu.

Waweru ni kaka yangu na ninamjua. Ananunua nyanya Kagio, anazipeleka Nyeri kabla hazijaoza, anarudi. Mtu wa nyanya hana muda wa nyumba mbili. Usivunje nyumba yako kwa sababu ya kifaru wa plastiki aliyevunjika pembe.

Lakini na mimi nikuulize. Nimesikia kwa watu kwamba Mzee ameita wapimaji wa ardhi, shamba ligawanywe. Barua yako ilikuwa ndefu, ikataja hata sukari ya chai, na hilo hukulitaja. Kwa nini? Na kwa nini mwaka huu ndio unaanza kuniuliza habari za watoto wa kiume? Kama kuna mtu amekutuma kunichunguza, mwambie mimi sina neno.

Wakiuru


Gatitu, Nyeri
2 Machi 2025

Wifi Wakiuru,

Hatujambo. Mvua imenusa tu ikapita. Mzee alianguka karibu na zizi lakini hakuumia, aliinuka akimlaumu ng'ombe. Wamucii alikuwa wa nne darasani. Kaari ana surua ndogo, inaisha.

Barua yako niliipata kwa mkono wa Waweru. Alisema amepewa na dereva wa lori la majani chai huko Sagana. Sikumwuliza dereva anaitwa nani kwa sababu niliona ameshaandaa jina. Bahasha ilikuwa na gundi ya dukani, na juu yake gundi nyingine ya unga wa ngano. Sijui ni nani kati yenu aliyekuwa na wasiwasi.

Nimeisoma mara nyingi. Wakiuru, mimi niliandika mnyama mwekundu mwenye mabawa. Nimekaa nikakumbuka kila neno. Sikuandika kifaru, na habari ya pembe sikukuambia. Pembe imevunjika kweli, imebaki kama kijino. Wewe uliionea wapi kutoka Kangari?

Basi nikaanza kuangalia. Waweru akienda Kagio kununua nyanya, kidoli hakipo kwenye sanduku la wasichana. Akirudi, kipo. Kuna safari husema lori limeharibika analala Sagana, na hizo ndizo safari ambazo kidoli kinarudi kimenenepa. Wamucii ndiye aliyeniambia. "Mami, Mathenge amepanda hatua na mimi sijamchezesha." Akaniangalia, nikaangalia sufuria.

Mke mwingine hupata unywele kwenye shati, au risiti. Mimi nimepewa kifaru.

Uliuliza habari ya wapimaji. Ni kweli waliitwa. Mzee anataka kugawa shamba akiwa bado anaona mipaka. Sikukuandikia kwa sababu huku mezani jina lako halitajwi, na mimi sikuwahi kuambiwa kwa nini. Nilipoolewa ulikuwa umeshaondoka. Nimekuona mara moja tu, kwenye mazishi ya mama yenu, ulisimama nyuma na ukaondoka kabla ya chakula. Nilikubebea sahani mpaka kwa geti, nikakuta umekwenda. Namba yako niliipata kwa Waweru kwa kumsumbua. Hakuna aliyenituma. Mimi na wewe sote tunaogopa kitu, na nimeshakuambia changu.

Mzee siku hizi hukaa na wasichana wakicheza. Hawezi kuona vizuri, kwa hivyo anauliza: huyo ni nani, ameshinda au ameshindwa? Wanapomtaja yule mnyama wanasema "yule mwekundu". Nimewakataza kutaja jina lake mbele ya Guka, babu yao. Nimekuwa mtu wa kuficha vitu kwa niaba ya mwanamume anayenificha. Inauma, Wakiuru, na ninakuandikia wewe kwa sababu huku sina wa kumwambia.

Jibu swali la pembe.

Gladwell


Gatitu, Nyeri
6 Aprili 2025

Wakiuru,

Shule zimefungwa. Wazima wote. Sina salamu nyingine.

Mwezi mzima nimengoja barua. Ulipokataa kujibu, watoto wamejibu.

Kumbe kwenye gemu mtu anaweza kubadilisha jina la kidoli. Nafasi ni ndogo, maneno mawili au matatu inajaa. Wamucii bila kuniuliza alifuta Mathenge akaandika: WEWE NANI. Waweru akaenda Kagio. Kidoli kiliporudi kilikuwa kimeandikwa: MATHENGE. WEWE?

Akaandika: WAMUCII NYERI. Kikarudi: NIKO KANGARI.

Hapo ndipo aliponionyesha. Nilikaa chini kwenye zulia. Nikamwambia amwulize baba na mama yake ni akina nani. Ndiyo, nilimtumia mtoto, na ungekuwa mimi ungefanya hivyo. Wamucii akasema nafasi haitoshi, akaandika vyake: WAJUA BABANGU? Kikarudi juzi: NI ANKO WANGU.

Wamucii alifurahi. Mimi sikufurahi. Kila mtoto wa nje hufundishwa kusema anko. Kwetu Chuka kulikuwa na fundi wa baiskeli aliyekuwa anko wa nusu ya soko.

Sasa nimeelewa yote. Waweru ana kijana. Mama yake sijui ni nani, labda alikufa, labda aliolewa, labda yuko hapo na wewe. Wewe ndiye unayemlea, ndiyo maana ulijua pembe, ndiyo maana barua zako zinapita mkononi mwa Waweru. Mmempa jina la Mzee, na siku wapimaji wakija mtamtoa kijana mkubwa, mrithi, na Wamucii na Kaari wangu watakuwa wageni kwenye shamba ambalo mama yao amelima.

Unamlea mtoto wa mume wangu. Kataa kama unaweza.

Pasaka ikiisha ninawachukua wasichana tunaenda Chuka kwa mama yangu, na kabla sijaondoka nitamwambia Mzee nilichokiona. Angalau mtu mmoja kwenye ukoo huu apate kuambiwa ukweli.

Gladwell Kaburu


Kangari
14 Aprili 2025

Gladwell,

Barua hii haipiti kwa Waweru. Nimeiombea lifti kwa mtu wa kanisa anayeenda Nyeri, atakupa mkononi. Ukimaliza, uichome.

Ninakataa. Simlei mtoto wa mume wako. Ninamlea wangu.

Mathenge ni mwanangu. Nilimzaa mwaka 2015, mwaka mmoja kabla hujaolewa. Yuko gredi ya nne, anapenda ndizi mbichi kama mjomba wake, na hajui kufunga kamba za viatu. Babake simtaji kwako wala kwa mtu mwingine, kwa hivyo usiniulize.

Wewe ulifundishwa sheria ya wake: kijana wa kwanza, jina la babake bwana. Hukufundishwa sheria ya sisi wengine, kwa sababu hiyo haizungumzwi mezani. Msichana wa kwetu akizaa na hana bwana, watoto huitwa kwa upande wake. Kijana wa kwanza anachukua jina la babake msichana. Ungekuwa wa hapa ungeona jina hilo na ungeuliza mambo mawili, ni wa kaka au ni wa dada. Uliuliza moja tu.

Mzee aliponiona na tumbo alibeba sanduku langu la bati, akalitupa nje ya geti, akasema sitazaa ndani ya boma lake. Majirani walikuwa wamesimama. Niliondoka na mfuko wa plastiki. Hakuuliza hata siku moja kama nilizaa, au kama nilizaa kijana au msichana. Na mimi nikampa mtoto jina lake, kwa sababu lilikuwa la mtoto kabla halijawa la ugomvi. Kuna siku ninaliita nikiwa na hasira na mtoto hana kosa lolote.

Waweru nilimwapisha asimwambie mtu, hata mke. Alishika kiapo, umelaumu mtu mwaminifu. Ujinga wake ni mwingine. Karatina alikuta mashine mbili kwenye rundo moja, akanunua zote, moja yenu na moja yetu. Vidoli havikutosha, akaona avizungushe ili kila mtoto aone kipya. Hajui kucheza. Alidhani kidoli ni kidoli tu. Alipoambiwa na Mathenge kwamba kinabeba jina, ilikuwa wasichana wako wameshasoma, na akaogopa kukirudisha na akaogopa kutokirudisha.

Na sasa nisikilize vizuri. Usimwambie Mzee. Wapimaji wakiwa njiani, nikitokea na kijana, ndugu zake wote watasema Wakiuru amezaa shamba. Sitaki shamba lake. Niko na kazi, niko na chumba, niko na mtoto anayelala bila kuogopa mtu. Alifukuzwa akiwa tumboni, hajui. Akifukuzwa mara ya pili atakuwa anajua.

Nenda Chuka au usiende, hiyo ni juu yako. Lakini hilo usinifanyie.

Wakiuru


Gatitu, Nyeri
4 Mei 2025

Kwako Mama Mathenge,

Nimeanza kwa jina hilo ili ujue nimekusikia. Barua niliichoma kwenye jiko, nikakoroga majivu. Nisamehe kwa yote niliyoandika. Waweru nimemwomba msamaha pia. Alilia, halafu akataka ugali.

Chuka hatukwenda. Mvua imeanza, tumepanda maharagwe. Kaari amepona.

Sasa kaa chini. Mzee amejua, na si mimi niliyemwambia. Ninaapa kwa wasichana wangu.

Jumapili baada ya kanisa, wasichana walikuwa wanacheza na Mzee kwenye kiti chake. Mimi nilikuwa ninasonga ugali. Nikasikia Kaari akilia, "Mathenge ameanguka! Mathenge ameanguka mtoni!" Nilikuwa nimewakataza, lakini mtoto akishindwa anasahau yote. Nilitoka na mwiko mkononi. Mzee alikuwa amegeuza uso.

"Nani ameanguka?" akauliza.

"Mathenge, Guka. Yule mwekundu."

"Nani amempa jina langu?"

Nikasema chakula kiko tayari. Hakuna aliyenisikiza. Wamucii akaacha kucheza, akamjibu bila wasiwasi wowote: "Ni mwenye kidoli. Anaitwa Mathenge wa Kangari. Ni mtoto wa Tata Wakiuru."

Mimi sikumwambia Wamucii, na Waweru hakumwambia. Baadaye nilimvuta jikoni nikamwuliza amejuaje. Alinishangaa. "Mami, alisema Baba ni anko wake. Dada ya Baba ni Tata peke yake. Na Tata anakaa Kangari, niliona kwenye bahasha." Hilo ndilo jambo lililoninyima usingizi tangu Januari, na mtoto wa gredi ya tatu alilimaliza akila karanga.

Mzee alinyoosha mkono, Wamucii akampa kidoli. Alikipapasa mabawa, akapapasa pembe iliyovunjika, akakiweka ndani ya mfuko wa koti. Hakula. Tangu siku hiyo hakitoi. Alienda nacho kanisani, alienda nacho kwa daktari wa macho. Kaari alikiomba akaambiwa angoje. Waweru alisafiri bila kidoli na kusema kweli hakuthubutu hata kukohoa.

Wapimaji walikuja Jumatano. Mzee aliongea nao kwa geti na wakarudi. Sikusikia walichosema. Waweru anadhani amekasirika, anataka kubadilisha mipaka ili usipate hata njia ya kupita. Mimi sijui. Ninamwangalia kila siku na siwezi kumsoma. Niliona afadhali ujue kutoka kwangu, uwe tayari kwa lolote.

Ni wako,
Gladwell


Kangari
25 Mei 2025

Mama Wamucii,

Salamu. Mvua ni nyingi, chai imefufuka, mikono yangu ina harufu ya majani hata nikioga. Mathenge alikuwa na kifua, sasa ni nafuu. Nimemweleza kwamba ana binamu wawili Nyeri. Alisema anajua.

Waweru alipita Alhamisi. Alileta kidoli. Nilimwuliza nani amekitoa mfukoni mwa Mzee, akasema "nimepewa", akakataa kukaa hata kwa chai. Mathenge alikiweka kwenye sahani kabla sijavua buti. Akaniita. Nilidhani ni michezo yao na Wamucii. Juu ya yule kifaru hapakuwa na maneno ya Mathenge tena. Paliandikwa:

KUJA NA MAMA

Gladwell, ninakuuliza kwa heshima, na unijibu ukweli. Ni nani ameandika hayo? Kama ni Wamucii, sitamgombeza, ana moyo mzuri. Kama ni wewe, umefanya kwa wema lakini umekosea. Mtu mzima hawezi kurudi kwenye geti alilofukuziwa kwa sababu ya maneno matatu ndani ya gemu ya watoto.

Mathenge ameshapanga nguo kwenye mfuko wa shule. Nimezitoa mara mbili, amezirudisha.

Na niambie hili pia, usinifiche. Mzee alitaja jina langu?

Wakiuru


Gatitu, Nyeri
1 Juni 2025

Kwako Mama Mathenge,

Leo hakuna salamu ndefu. Nitajibu ulivyouliza.

Jina lako hakulitaja. Sitakudanganya.

Lakini Waweru hatimaye alithubutu kumwuliza habari ya wapimaji. Mzee alisema aliwaambia wangoje kwa sababu kuna mtu wa boma hili hajafika. Waweru akauliza mtu gani, akaambiwa aende akaangalie nyanya zake.

Na lile sanduku lako la bati liko chini ya kitanda cha Mzee. Miaka yote nimefagia nikilizunguka, nikidhani ni la marehemu mama. Jana nilipiga magoti nikalivuta. Kwenye kifuniko kumeandikwa kwa rangi nyeupe, Wakiuru Mathenge, Form Two. Limefutwa vumbi juu, na si mimi ninayelifuta. Nililirudisha vilevile.

Sasa maneno ya kidoli. Aliyeandika ni Wamucii, kwa sababu ndiye anayejua kubonyeza. Lakini angekuwa ni yeye mwenyewe, angeandika KUJA NA VIDOLI. Nilikuwa mlangoni, na nitakuambia nilivyoona.

Mzee alitoa kidoli mfukoni bila kuombwa. Akamwuliza Wamucii, "Huyu wa Kangari, mnaongea naye vipi?" Wamucii akamweleza. Mzee akasema, "Andika KUJA." Wamucii akaandika. Mzee akasogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo cha televisheni, akataka kujua kama imeingia. Imeingia, Guka. Akabaki palepale kwenye kioo, Wamucii akachoka akataka kukitoa.

"Guka, bado kuna nafasi kidogo," akamwambia.

"Ya maneno mangapi?"

"Madogo mawili."

Mzee aliinamisha kichwa. Nilidhani amelala, siku hizi hulala hivyo akiwa amekaa. Halafu akasema polepole, kama mtu anayehesabu hatua gizani, "Ongeza: NA MAMA."

Akamfanya Wamucii amsomee mara tatu. Asubuhi alimngoja Waweru kando ya lori, akampa kidoli na kumwambia, "Peleka kule unakopelekaga."

Njooni Jumamosi. Nimemkataza Waweru kuwabeba na nyanya. Mzee amesema geti lisifungwe siku hiyo, na sasa anauliza watoto wa gredi ya nne hula nini. Nimemwambia ndizi mbichi. Ametuma mtu akate mkungu.

Gladwell